Mwezi Korona Iliponyamaza

Korogwe, Alhamisi 19 Januari 1978

Mwalimu wetu wa kisomo pale Mazingara alituonya tukiacha kuandika tutasahau yote tuliyojifunza uzeeni, basi kila siku tuandike hata mstari mmoja. Nimebeba daftari ili nikirudi asinicheke. Nakaa hapa siku mbili tu.

Nimekuja kumchukua mdogo wangu Mwantumu. Tangu mumewe, mtu wa Makuyuni, afariki, anafanya kazi kwenye kiwanda cha mkonge hapa pembeni ya mji, chumba cha brashi, pale nyuzi kavu zinapochanwa na mashine na vumbi lake linaruka kama unga. Nilimwacha mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Leo amefungua mlango, akasema "Lumbu," akashika kizingiti kutafuta pumzi, ndipo akaniamkia. Lumbu ndivyo tunavyoitana kwetu Uzigua, kaka na dada. Nikajitia kuhangaika na mzigo wangu asiuone uso wangu.

Chumba chake kwenye kambi ya wafanyakazi ni cha mwisho kwenye safu, na ukuta wake wa nyuma ni ukuta wa nyumba ya injini. Una moto usiku na mchana, ukiuegemea unaruka. Jirani yake Grasiana, mwanamke wa makelele asiyejua kubisha hodi, huja na beseni la unga wa maandazi akaliegesha hapo liumuke. Kwa nje ni korona, ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge, inanguruma hata mtu ukiulizwa jina unajibu salama. Ongeza malori ya Moshi na Arusha, ongeza matanuri ya matofali kando ya mto. Nimepenga kamasi, ni nyeusi. Hivi binadamu anaishije hapa?

Ijumaa 20 Januari

Mwantumu hataki kuondoka kabla ya kuomba ruhusa kwa msimamizi. Ruhusa ya nini, na mtu anakufa? Nimegomba. Amelia. Nimekubali tungoje.

Jumamosi 21 Januari

Tumefungwa. Kipindupindu kimeingia mjini na serikali imetangaza karantini. Nilifika darajani na kikapu changu, mgambo akanyoosha rungu. "Mzee, hakuna kutoka." Nikamwambia mimi si wa hapa, mimi mtu wa Handeni, masika yananisubiri. Akasema, "Kipindupindu hakiulizi mtu wa wapi." Watu wakacheka. Nimerudi kambini nimevimba kwa hasira.

Jumatatu 23 Januari

Korona imezimwa leo. Wafanyakazi wasikusanyike, amri ya Bwana Afya. Malori hayaji, matanuri yamepoa, treni inapita bila kusimama. Kambi nzima imeshindwa kulala mchana kwa ukimya.

Jumanne 24 Januari

Hakuna jipya. Joto.

Alhamisi 26 Januari

Balozi wetu wa nyumba kumi ni Gregori, mwana wa manamba, kibarua wa mkonge aliyeletwa zamani kutoka kusini, mtu mfupi mwenye filimbi shingoni. Kila asubuhi anapuliza filimbi, tunajipanga milangoni, anatuhesabu kama mbuzi. Leo ameniandika "mgeni wa Mwantumu". Mimi mwenye nyumba, mke na shamba, ni mgeni wa Mwantumu.

Bwana Afya naye amepita na kipaza sauti. Maji yachemshwe. Mikono ioshwe. Takataka zote zichomwe.

Jumapili 29 Januari

Milima imetokea. Sijui niseme vipi. Tangu nifike upande ule ulikuwa ukungu wa rangi ya majivu, nikadhani ndivyo ulivyo. Leo asubuhi nimetoka na kopo la maji, nikaiona milima ya Usambara imesimama hapo, na mabonde yake, na nyumba moja ya bati inang'aa juu kabisa. Wazee waliozaliwa kambini wametoka nje kuitazama. Grasiana amesema ameishi hapa miaka yote hajajua kuna mtu anakaa kule juu.

Jumatano 1 Februari

Mwantumu amesema sentensi nzima. Alikuwa anamsimulia Grasiana jinsi nilivyoanguka kisimani utotoni, akaisimulia mwanzo mpaka mwisho bila kushika kitu, na mwisho akacheka. Nilijifanya nimekasirika kwa kuaibishwa. Kwa kweli nilitaka arudie.

Ijumaa 3 Februari

Anafagia. Anafua. Jana aliimba.

Nimemwambia, ukifika nyumbani kwenye hewa safi utakuwa kama zamani. Akanitazama akasema, "Lumbu, mbona nimeshakuwa?"

Jumapili 5 Februari

Leo Chama kinatimiza mwaka mmoja. Hakuna sherehe, mikusanyiko imekatazwa. Gregori amevaa shati la kijani akasimama peke yake chini ya mlingoti, akapiga saluti. Nilitaka kucheka nikashindwa.

Shamba langu liko porini na mimi niko hapa natazama mtu akisalimiana na bendera. Mwaija mke wangu atakuwa anasema nimeoa Korogwe.

Jumanne 7 Februari

Maandazi ya Grasiana yamekataa kuumuka. Ukuta umepoa. Ameugusa kwa viganja viwili, akaegesha shavu, akasema, "Umekufa huu." Mimi nami nimeugusa. Baridi kabisa, kama ukuta wa msikiti alfajiri.

Si ukuta tu. Alfajiri kuna umande juu ya mabati, kitu ambacho hapa hakijaonekana. Saruji ya uwanja wa kuanikia nyuzi, iliyokuwa inachoma nyayo mpaka magharibi, sasa jua likishuka tu unaweza kuikalia. Mchana jua linapiga moja kwa moja, kali na safi, lakini likizama baridi inashuka hapo hapo. Watoto wanaomba shuka, na kambini shuka ni chache.

Alhamisi 9 Februari

Kambi ya pili wamechukuliwa wagonjwa watatu. Watu wamekaa milangoni wakisema sababu ni baridi hii. Grasiana amelisema wazi: "Ule moshi ulikuwa blanketi letu. Tumefunuliwa, ugonjwa umetuona." Mumewe Lukasi, fundi wa injini asiyezungumza sana, alitikisa kichwa tu akaendelea kunoa panga.

Na mimi nimeyaona maneno ya Grasiana yana akili. Kwetu mtoto akizaliwa nyumba hufukizwa. Yakiingia maradhi hufukizwa. Umande na hewa ya baridi havijawahi kumletea mtu heri.

Ijumaa 10 Februari

Gregori ameamua. Kesho jioni kila mlango uwashe moto wa majani mabichi, na lile lundo la makapi ya mkonge nyuma ya kiwanda liwashwe lote. "Serikali imesema takataka zichomwe," amesema. "Mimi natekeleza." Kwa mara ya kwanza nimempa mkono. Nimemwambia mimi nitaleta mwarobaini, kwetu ndio tunaofukizia. Amenishukuru mbele ya watu, ameniita Mzee Mbwana.

Jumamosi 11 Februari

Mwalimu anisamehe mwandiko.

Jioni tuliwasha. Nilibeba matawi ya mwarobaini begani nikiweka mlango hadi mlango, na moshi ulipoanza kutambaa nilisikia harufu ya nyumbani, moyo ukafurahi. Tulikuwa wote nje, watu walikuwa wanacheka kwa mara ya kwanza tangu tufungwe. Lundo la makapi lilishika likatoa moshi mzito wa njano. Upepo haukuwepo. Ukakaa juu yetu. Milima ikaondoka, kisha kiwanda kikaondoka, kisha nikawa simwoni Gregori ila nasikia filimbi yake.

Niliingia ndani kumwambia Mwantumu atoke aone. Nilimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, mikono imeshika godoro, kichwa kimeinama. Mabega yalikuwa yanapanda, hayashuki. Midomo ilikuwa na rangi ambayo sijaiona kwa mtu aliye hai. Aliinua macho akanitazama, na nilielewa kwamba anajua ni mimi niliyeleta majani.

Nilimbeba mgongoni nikakimbilia mtoni. Mgambo wa pale njiani alisema karantini. Nikamwambia anipige, lakini apige akijua huyu anakufa. Alitutazama akasogea. Tulikaa ukingoni ambako moshi ulikuwa mwepesi, nikawa namshika mgongo, na kila pumzi yake ilipotoka niliogopa haitafuatwa na nyingine. Alipoweza kukaa mwenyewe nilimwacha nikarudi kambini.

Nilichukua ndoo ya kwanza niliyoiona mlangoni nikamwagia moto wa mlango wetu. Nikachukua nyingine nikamwagia wa pili. Gregori akaja akipuliza filimbi, akanishika shati, "Mzigua, unataka kutuua?" Nikamwambia mnamuua dada yangu. Akasema, "Dada yako ni mmoja!" Nikamsukuma akaanguka. Watu wakanishika.

Grasiana alikuwa ameinama anaangalia ndani ya ndoo yake tupu.

Jumapili 12 Februari

Mwantumu amelala. Lundo bado linafuka. Hakuna anayeniitikia salamu.

Jumatatu 13 Februari

Lukasi amechukuliwa leo, wamempeleka shuleni kwenye kambi ya wagonjwa. Alibebwa juu ya mlango uliong'olewa.

Jumatano 15 Februari

Lukasi amefariki. Wamemzika watu wa afya, bila mkewe, bila sala ya padri, bila matanga.

Gregori amesimama uwanjani akasema kwa sauti kwamba moto ulizimwa, na aliyeuzima anajulikana. Watu wamenigeukia. Nilitegemea Grasiana anirukie, mwanamke yule wa makelele. Amenyanyuka, akaja mpaka mbele yangu, akasema taratibu ili nisikie mimi peke yangu:

"Moto si kitu, kaka. Yale maji uliyomwaga nilikuwa nimeyachemsha. Lukasi alirudi na kiu, akanywa ya mtoni."

Kisha akaingia kwake.

Alhamisi 16 Februari

Siandiki.

Ijumaa 17 Februari

Nimemwuliza Bwana Afya, kwa mbali, kama mtu akinywa maji mabichi mara moja tu anaweza kupata ugonjwa. Amesema anaweza. Anaweza pia kuwa alikuwa nao tangu siku za nyuma, hakuna ajuaye. Nimemwomba basi atangaze kwamba ugonjwa haumo hewani wala kwenye baridi. Amesema ametangaza mara ngapi. Kweli ametangaza. Nilimsikia na kipaza sauti chake, nikaenda kukata mwarobaini.

Jumapili 19 Februari

Leo nimeona jambo. Wakati wa kupika jioni Grasiana alibeba mafiga yake, moja moja, akavuka uwanja wote mpaka ule mwisho wa safu, upande unakokwenda upepo, akapikia huko. Mwanamke mwenye msiba mbichi namna ile. Mwenzake mmoja akamwuliza kulikoni, akajibu kwa ile sauti yake ya zamani, kambi nzima ikasikia: "Mwantumu hapendi moshi! Na ninyi hameni!"

Wanawake wawili wakahama. Gregori aliona, hakupuliza filimbi.

Nimetoka nikambebea figa la mwisho. Tukatembea pamoja. Mimi niliyemwona hana adabu.

Jumatano 22 Februari

Lundo limezimika lenyewe. Milima imerudi. Mwantumu anapumua. Anakaa mlangoni mchana na Grasiana, wanakanda unga na kuuacha juani badala ya ukutani, na unaumuka.

Kama si kufungwa ningesema ni mahali pazuri.

Jumapili 26 Februari

Karantini imekwisha! Gregori amelia kwa furaha, amenikumbatia, ameniomba radhi nami nimemwomba. Kesho king'ora cha kiwanda kitalia. Msimamizi ametoa tangazo: asiyeripoti kazini hadi Alhamisi atoe vitu vyake, chumba apewe mwingine.

Mwantumu alisikiliza tangazo akiwa ameweka kiganja juu ya ule ukuta.

Jumatatu 27 Februari

Korona inanguruma. Malori yaliyokuwa yamezuiwa Mombo yamepita leo yote kwa mkupuo. Kufikia adhuhuri milima haipo. Kufikia jioni Mwantumu ameanza kushika kizingiti.

Amekubali. Kesho tunaondoka. Grasiana ametupa maandazi ya njiani, hakutaka kuagana, alijifanya anamgombeza mtoto wa jirani.

Kabuku, Jumanne 28 Februari

Tulipovuka daraja nilitaka kuimba. Nilikuwa namwelezea Mwantumu tutakavyomjengea kibanda upande wa kisima. Basi lilipopita Segera akanigusa mkono. "Lumbu, ule ni nini?"

Upande wa kwetu wote, kutoka mwanzo wa upeo hadi mwisho wake, mbingu ilikuwa ya kahawia. Jua lilikuwa jekundu mchana.

Mashamba. Ni msimu wa kuchoma mashamba. Mimi mkulima, niliyezaliwa huko, nimechoma kila mwaka tangu nijue kushika kiberiti, na katika mwezi mzima wa kumwimbia hewa safi ya nyumbani sikukumbuka. Katika akili yangu moshi ulikuwa kitu cha Korogwe.

Tumeteremka hapa Kabuku kwa shangazi yetu Mwanaidi, anayeuza chai barabarani. Hapa ni afadhali kidogo, lakini anakohoa. Kwenda mbele haiwezekani. Kesho nakwenda Mazingara peke yangu.

Mazingara, Jumatano 1 Machi

Nimetembea, nikapata lori sehemu ya njia, nikafika kijijini kikao kinaendelea. Mwenyekiti Isihaka ndiye aliyekiongoza, rafiki yangu wa jando. Ajenda ilikuwa siku ya kuchoma shamba la kijiji. Nikasimama na mavumbi yangu. Nikawaambia nilichokiona: mji ulizima kila kitu, na kabla ya mwezi kwisha hewa ikawa safi hata mgonjwa akaimba. Nikaomba mwaka huu tusichome. Tufyeke tulundike, mpaka mvua ishuke. Ni kazi zaidi lakini tuko wengi.

Hawakucheka, afadhali wangecheka. Isihaka alisema kwa upole, "Ndugu yangu Mbwana, Korogwe walizima kwa kuogopa kufa wao. Hapa unataka watu wafyeke ekari zote zile kwa ajili ya kifua cha mtu mmoja." Akatazama watu. "Nani anaafiki?" Mkono ulioinuka ulikuwa wangu tu.

Nilikwenda nyumbani nikiwa na nia ya kuanza na shamba langu mwenyewe, walione la mfano. Mwaija alinipokea mbio, amekonda, mikono ina malengelenge. Akanivuta mpaka shambani. Lote jeusi, safi, tayari kwa mbegu. "Nimelichoma Jumapili peke yangu," akasema. "Nilijua umefungwa, nikasema mume wangu akirudi akute kazi imekwisha."

Nikamwambia ahsante. Nikamshika ile mikono.

Kabuku, Alhamisi 2 Machi

Nimefika kabla ya saa nne. Mwantumu alikuwa ameshafunga mzigo wake. Hakuniuliza kama wamekubali. Alinisogelea akanusa bega langu, akasema, "Unanuka kwetu," akatabasamu, akakohoa.

Nikamwambia subiri mvua. Hapa kwa shangazi. Wiki mbili, tatu. Akaniambia leo ni Alhamisi, na kesho chumba si chake. "Mvua itakuja, mtapanda, mtapalilia, mtavuna, mtachoma tena," akasema, akipumzika katikati ya maneno. "Kule kuna moshi na mshahara. Na Grasiana yuko peke yake."

Nilimgombeza. Nilimshika mkono kwa nguvu mpaka shangazi akaniambia nimwachie. Basi la Korogwe lilipotokea ni mimi niliyenyoosha mkono kulisimamisha, kwa sababu yeye alikuwa hana pumzi ya kupunga. Aliingia, akakaa dirishani, na kabla halijaondoka akainama akaniambia:

"Lumbu, usihuzunike sana. Mimi nilipumua. Ule mwezi mliofungwa ninyi, mimi nilikuwa nimefunguliwa."

Ijumaa 3 Machi

Nimeswali Ijumaa hapa Kabuku. Imamu aliomba dua ya kushukuru maradhi kuondolewa, watu wote wakaitikia amin kwa nguvu, mimi nikiwa nimekaa katikati yao. Nilimkumbuka Lukasi juu ya ule mlango. Nilimkumbuka Grasiana na ndoo yake. Nakijua kipindupindu, nimekiona kinavyomfanya mtu.

Na mikono yangu ikiwa imeinuliwa, kabla sijajizuia, niligundua ninachokiomba moyoni. Nilikuwa naomba kirudi.